Baa Nne za Kusubiri: Kumbukumbu za Tamthilia za Muziki katika Kumbi za Nairobi

Tamthilia ya muziki, yaani mchezo wa jukwaani ambamo mazungumzo, nyimbo na ngoma husukuma kisa kimoja kwa pamoja na wimbo hauwi pambo la kupitishia wakati, ilifika Nairobi kwa njia mbili ambazo hazikukutana kwa muda mrefu. Njia ya kwanza ilikuwa ya walowezi na maofisa wa Kiingereza waliokuja na mazoea ya kuigiza michezo iliyokwisha kupata sifa London na New York, wakaunda vikundi na kujipatia kumbi. Donovan Maule na mkewe Mollie walianzisha kampuni yao ya maigizo mwishoni mwa miaka ya 1940, na Kenya National Theatre ikafunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Njia ya pili haikuwa na jengo wala tiketi, kwa kuwa ilipita katika ngoma za vijijini, katika kwaya za makanisa na za shule, na katika mashindano ya Kenya Music Festival yaliyoanza mwaka 1927, ambamo watoto wa vizazi kadhaa walifunzwa kuimba kwa sauti nne kabla hawajaona pazia likifunguliwa hata mara moja. Mahali zinapogongana njia hizo mbili ni padogo kuliko inavyodhaniwa: ni zile baa chache (vipimo vya mapigo katika nota), aghalabu nne, ambazo bendi huzirudia na kuzirudia ikisubiri ishara kutoka jukwaani.

Wanamuziki wa kumbi huziita baa hizo vampu. Mtunzi huziandika pale asipoweza kujua hakika mwigizaji atachukua muda gani kuvuka jukwaa, kuvaa koti au kumaliza sentensi, kwa hiyo huweka alama ya kurudia juu ya kipande kifupi na kuelekeza kwamba kirudiwe mpaka neno fulani litamkwe. Katika nota zilizopangwa kwa ukali, ambamo kila pigo limehesabiwa na kila taa ina namba yake, vampu ndiyo sehemu ya pekee ambayo muda wake haukuamuliwa mezani. Msomaji aliyelelewa katika nyimbo za kuongoza na kuitikia atatambua mara moja kwamba kitu hiki hakikuwa kigeni kwake, kwani ngoma nyingi za Afrika Mashariki hukaa juu ya kipande kifupi kinachozunguka, huku kiongozi akiongeza maneno kadiri anavyoona watu wamechangamka, na hakuna anayejua wimbo utakwisha lini mpaka uishe.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikaa kando ya kinanda kwa misimu mingi, kwanza akimfungulia mpiga kinanda kurasa, baadaye akinakili nota na kusimamia mazoezi ya sauti, katika vikundi ambavyo havina haja ya kutajwa. Kwa kuwa kumbi nyingi za jiji hilo hazina shimo la okestra, yaani ile nafasi iliyochimbwa mbele ya jukwaa ili wapigaji wasizuie macho ya watazamaji, bendi huwekwa ubavuni nyuma ya pazia la pembeni, na anayekaa hapo huwaona waigizaji kwa upande mmoja wa uso na hadhira kwa nusu tu, jambo ambalo ni karaha kwa mtazamaji lakini ni faida kubwa kwa anayetaka kujua ni nani hasa anayeongoza wimbo.

Kabla ya kufika kwenye usiku wa onyesho, yafaa kueleza jinsi michezo hiyo inavyopatikana, kwa sababu sharti la upatikanaji ndilo lililoamua mengi. Tamthilia za muziki za Marekani na Uingereza hazinunuliwi dukani na kuigizwa kama mnunuzi apendavyo. Kikundi huomba haki za maonyesho kutoka kwa kampuni inayowakilisha watunzi, mfano Music Theatre International iliyoanzishwa New York mwaka 1952, hulipa ada inayotegemea ukubwa wa ukumbi, bei ya tiketi na idadi ya maonyesho, kisha hutumiwa vitabu vya maneno na vya nota kwa mkopo. Mkataba hukataza kubadili maneno, kuongeza wimbo au kupunguza mwingine bila idhini ya maandishi. Maonyesho yakiisha, vitabu hurudishwa vikiwa safi, na usafi maana yake ni kwamba kila alama ya penseli iliyoandikwa wakati wa mazoezi imefutwa.

Kazi hiyo ya kufuta haikosi mtu wa kutwishwa, na kwa kawaida ni yule mdogo kuliko wote katika kikundi. Asubuhi ya baada ya onyesho la mwisho, vitabu vya kinanda, vya fidla, vya tarumbeta na vya ngoma hurundikwa mezani, kikapatikana kifutio cheupe cha shule, na ukurasa baada ya ukurasa alama zote zikaondolewa: mahali ambapo mpiga ngoma aliandika kwamba aache vijiti ashike kwa mkono, mahali ambapo kinanda kilishushwa ufunguo kwa sababu mwimbaji alikuwa na mafua, na juu ya zile baa nne, maneno ya haraka haraka yenye kueleza zirudiwe mpaka kina mama wa safu za nyuma watulie. Makombo ya kifutio yakapeperushwa kwa mkono, vitabu vikafungwa kwenye boksi, na pamoja navyo ikapotea karibu kumbukumbu yote ya maandishi ya jinsi Nairobi ilivyoupiga muziki ule. Wanahistoria wa sanaa ya jukwaani watakaotafuta siku moja ushahidi wa namna michezo hii ilivyogeuzwa na mji wataambulia programu za maonyesho na matangazo ya magazeti, vitu ambavyo husema nani aliigiza bila kusema kilichotokea.

Kilichosalia ni madaftari ya solfa. Solfa ni mfumo wa kuandika muziki kwa herufi, do ikawa d, re ikawa r, mi ikawa m, na mapigo yakagawanywa kwa nukta na vistari. Ulienezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, ukaletwa na wamisionari, na ukashika mizizi Afrika Mashariki kiasi kwamba mwanakwaya wa Kenya anaweza kuimba oratorio nzima kutoka kwenye karatasi ya herufi ilhali hajui kusoma nota za mistari mitano. Kampuni za ng'ambo hazitumi solfa. Ndiyo maana kila kikundi kilikuwa na mtu wa kukesha akihamisha sauti nne kutoka mistari kwenda herufi, na kazi hiyo haikuwa ya kunakili tu, kwa sababu katika solfa do huhama pamoja na ufunguo. Wimbo wa jukwaani unaopanda nusu sauti kabla ya ubeti wa mwisho, mbinu ambayo watunzi wa Broadway huipenda mno, pengine kupita kiasi, humlazimu mnakili kuandika nota ya daraja, yaani herufi ndogo ya ufunguo unaoachwa ubavuni mwa herufi kubwa ya ufunguo unaoingiwa, ili mwimbaji ajue kwamba sauti aliyoishika kama do sasa ndiyo te yake mpya.

Wageni waliokuja kuelekeza michezo huenda waliona mfumo huo kama upungufu wa kuvumiliwa, lakini ulikuwa na nguvu ambayo nota za mistari haziipi kwaya kwa urahisi. Mwimbaji aliyejifunza kwa solfa haitafuti sauti yake kwenye kinanda. Anaitafuta kwa majirani zake, kwa umbali uliopo kati yake na do, na kwa hiyo anaweza kuendelea hata bendi ikinyamaza, na anaweza kumpokea mtu mwingine yeyote anayeingia katika do hiyo. Mtu huyo mwingine akiwa ameketi upande wa watazamaji, kwake si tatizo. Hapo lazima ikubaliwe pia kwamba waimbaji hao, wengi wao wakiwa walimu, makarani na wanafunzi waliofika mazoezini kwa matatu baada ya kazi, husifiwa sana kwa sauti zao na hulipwa kidogo sana kwa hizohizo.

Onyesho moja linatosha kulionyesha jambo hili kwa karibu. Katika mchezo mmoja mashuhuri wa Kimarekani kulikuwa na mama anayemuaga mwanawe, na baada ya ubeti wa pili nota zilikuwa na vampu ya baa nne ambamo mwigizaji alitakiwa kuvuka jukwaa, kushika mkoba, kutamka sentensi moja na kuanza ubeti wa mwisho. Kinanda kilipoanza kuzunguka, kikundi cha wanawake katikati ya ukumbi, ambao kwa mavazi na kwa jinsi walivyojipanga walielekea kuwa wa kwaya moja, wakaanza kuimba kwa midomo iliyofumbwa, sauti ya alto chini ya sauti ya juu, bila maneno kwa kuwa maneno hawakuyajua. Mwigizaji, ambaye Jumapili alikuwa mwongozaji wa nyimbo kanisani, alifika kwenye mkoba, akaushika, akakaa kimya. Sentensi aliijua vizuri. Mpiga kinanda akainua macho kutoka kwenye ukurasa, mpiga ngoma akaweka vijiti chini, na baa zile nne zikarudi na kurudi, mpaka mwigizaji alipoinua kiganja kidogo, ishara ambayo hakuna mwelekezi aliyemfundisha, na ukumbi mzima ukanyamaza ili aseme maneno yake. Kesho yake mwelekezi aliagiza kwamba sentensi itamkwe mara ya kwanza vampu inapopigwa, kwa hoja ambayo haikuwa ya kipuuzi hata kidogo: ukumbi ulikodiwa kwa saa, na mlinzi alitaka kufunga.

Mvutano huo kati ya wimbo unaosubiri watu na jengo lenye ratiba si jambo la vikundi vidogo peke yake, kwani ndio uliokuwa katikati ya kisa kikubwa kuliko vyote katika historia ya kumbi za Nairobi. Mwaka 1976 Kenya ilikuwa ikijiandaa kupeleka michezo miwili kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi lililofanyika Lagos mwanzoni mwa 1977: *The Trial of Dedan Kimathi* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama *Mzalendo Kimathi*, na *Betrayal in the City* ya Francis Imbuga. Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, vikundi hivyo vilipotaka siku za kutosha katika Kenya National Theatre viliambiwa kwamba tarehe nyingi zimekwisha kutengwa kwa ajili ya kundi la baleti la Ufaransa na kwa ajili ya City Players, waliokuwa wakiandaa *A Funny Thing Happened on the Way to the Forum*, tamthilia ya muziki ya mwaka 1962 yenye nyimbo za Stephen Sondheim na kisa kilichoundwa kutokana na vichekesho vya Plautus wa Roma ya kale. Michezo ya Kenya ikapewa siku chache. Ni rahisi kumcheka Sondheim katika habari hii, lakini si haki, kwa maana mchezo wake ni stadi na haukuomba kuwekwa mahali hapo. La kuangaliwa ni kwamba kalenda ya jengo la taifa, miaka 13 baada ya uhuru, ilikuwa bado ikisomwa kwa macho ya waliolijenga.

Yaliyotokea usiku wa kwanza wa *Kimathi* yameelezwa mara nyingi. Waigizaji waliteremka jukwaani wakiimba, wakapita katikati ya viti, na watazamaji wakainuka wakajiunga nao, msafara ukatoka nje ya ukumbi ukiwa bado unacheza, kuelekea ng'ambo ya barabara iliko hoteli ya Norfolk. Barabara yenyewe inaitwa Harry Thuku, na jina hilo si la bahati nasibu, kwa sababu ni karibu na hapo, Machi 1922, ambapo watu waliokusanyika kudai Thuku, mwanaharakati aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe walipigwa risasi, miongoni mwa waliouawa akiwemo Mary Mũthoni Nyanjirũ. Kimuziki, msafara ule ulikuwa vampu isiyokuwa na sentensi ya kuikomesha: kiitikio kilizunguka hadi kikafika mahali palipokuwa na maana kuliko jukwaa. Wachezaji walipotaka kurudia hilo usiku mwingine, walikuta askari wamesimama. Dola ilikuwa imelielewa umbo la wimbo kuliko wahakiki wengi, kwa kuwa ilijua kwamba hatari haikuwa kwenye maneno, yaliyokuwa yamepita kwenye mikono ya maofisa, bali kwenye swali la nani anaamua wimbo umekwisha.

Funzo hilo Ngũgĩ na mwandishi mwenzake Ngũgĩ wa Mĩriĩ walilipeleka Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, ambako wanakijiji walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, na ambako mazoezi yenyewe yalifanywa hadharani mwishoni mwa wiki, wazee na vijana wakisimama kando na kusahihisha jinsi wimbo wa arusi au wa jando unavyopaswa kuimbwa. *Ngaahika Ndeenda*, iliyokuja kuchapishwa kwa Kiswahili kama *Nitaolewa Nikipenda*, ilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, ikafutiwa leseni tarehe 16 Novemba, na Ngũgĩ akawekwa kizuizini mwisho wa Desemba. Mwaka 1982 kikundi hichohicho kilirudi na *Maitũ Njugĩra*, kazi iliyostahili zaidi kuitwa tamthilia ya muziki kuliko yoyote iliyotangulia, maana ilikuwa na nyimbo zaidi ya 80 kutoka kwa jamii mbalimbali za Kenya, ngoma na maigizo ya kimya, kuhusu sheria za kazi na za kipande, yaani kitambulisho cha lazima, katika enzi ya ukoloni. Ilipangwa kufunguliwa Kenya National Theatre tarehe 19 Februari. Waigizaji walikuta milango imefungwa. Wakaendelea na mazoezi katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, jirani kabisa, na maelfu ya watu wakaja kuyaangalia mazoezi hayo wakijaza madirisha na ngazi, hadi nayo yakapigwa marufuku; Machi, kituo cha Kamĩrĩĩthũ kikabomolewa na polisi. Kazi kubwa ya muziki wa jukwaani iliyotungwa Kenya katika kizazi kile, kwa hiyo, ilionekana na umma ikiwa mazoezi tu, na kwa mtu aliyekaa miaka mingi kwenye mazoezi jambo hili halishangazi kama linavyomshangaza mnunuzi wa tiketi, kwani katika mazoezi ndimo kila wimbo husubiri.

Kampala ilipata pigo lake mapema na kwa gharama kubwa zaidi. Byron Kawadwa, mwandishi na mkuu wa National Theatre ya huko, akishirikiana na mtunzi Wassanyi Serukenya, alitunga *Oluyimba lwa Wankoko*, mchezo wa Kiganda wa nyimbo za kwaya juu ya tamaa ya madaraka, ambao uliiwakilisha Uganda kwenye FESTAC ileile ya Lagos. Aliporejea mwaka 1977 alitekwa na watu wa Idi Amin kutoka katika ukumbi wake na akauawa.

Nairobi, siku hizi askari hawasimami mlangoni mwa ukumbi huo. Kenya National Theatre ilifunguliwa upya mwaka 2015 baada ya ukarabati, na jumba hilo limeona mambo ambayo mwaka 1976 yasingewezekana. Kikundi cha Nairobi Performing Arts Studio, chini ya mwelekezi Stuart Nash, kilionyesha humo *Sarafina!* mwaka 2018, mchezo wa Mbongeni Ngema uliozaliwa Market Theatre ya Johannesburg mwaka 1987 kutokana na maandamano ya wanafunzi wa Soweto, na Mei 2022 kikaileta *Ngaahika Ndeenda* yenyewe, kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ, katika jengo ambalo liliifungia milango ndugu yake, *Maitũ Njugĩra*. *Sarafina!* hasa ni kipimo kizuri cha jambo linalojadiliwa hapa, kwa sababu Wakenya wengi walizijua nyimbo zake zamani kupitia filamu ya 1992 na kwaya za shule, na mchezo ambao hadhira inazijua nyimbo zake hauwezi kuzuiwa kwenye baa nne. Ngema, aliyetoka katika mila ya muziki wa mbaqanga ambayo nayo hujengwa juu ya mizunguko, alielekea kulijua hilo tangu mwanzo.

Kinachozipunguza vampu leo ni kompyuta. Bendi ya watu wanane hula sehemu kubwa ya mapato ya mlangoni, na vikundi vingi vimehamia kwenye muziki uliorekodiwa, unaochezwa kutoka kwenye kipakatalishi na fundi aliyevaa vipokea sauti. Programu nzuri za kazi hiyo zinaweza kurudia kipande hadi fundi abonyeze kitufe, kwa hiyo lawama si ya mashine. Ila fundi huketi nyuma kabisa ya ukumbi au katika kibanda cha vioo, anaitazama orodha ya ishara zake, na hamwoni mwigizaji anapoinua kiganja. Rekodi za bei nafuu hazina hata uwezo huo: mtengenezaji ameamua kwamba kipande kirudiwe mara mbili, basi ni mara mbili, na mwigizaji hujikuta akikimbia kuuwahi ubeti kama abiria anayeliona basi likiondoka. Mbele ya rekodi ya namna hiyo hadhira hujifunza upesi sana kunyamaza, na ukimya huo husifiwa na baadhi ya watu kuwa ni ustaarabu.

Kuna sababu nyingine ya kupungua kwa vampu, iliyo karibu zaidi na nyumbani. Watunzi vijana wanaoandika tamthilia mpya za muziki, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, wengi wao wamepitia mashindano ya shule ya muziki na ya maigizo, ambayo yameipa Kenya waimbaji wake bora na wachezaji wake wa ngoma za ubunifu. Katika mashindano hayo kila kipengele hupewa muda wake, waamuzi hukaa na saa mezani, na mwalimu mwerevu huukata wimbo mpaka utoshee dakika zilizoruhusiwa, akianza na marudio kwa sababu hayo yakiondolewa hakuna neno linalopotea. Mtoto aliyefunzwa hivyo tangu darasa la nne hukua akijua kwamba kurudia ni kupoteza alama, na anapopewa kazi ya kutunga mchezo wa saa mbili kwa ukumbi usio na waamuzi, huandika nyimbo zilizobana, zenye mwanzo na mwisho ulio dhahiri, na watu wanaposimama kuitikia bendi yake huwa imekwisha kugeuza ukurasa.